Kuweka kikagua sarufi kwenye kivinjari bila kukiachia kalamu

Mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, alikuja dukani kwangu hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimchapie barua ya Kiingereza kwa mwalimu mkuu, kuomba alipe ada ya watoto wake wawili kwa awamu. Alinieleza kwa Kiswahili, kama wanavyozungumza wengi waliopita jeshini, nami nikawa naandika Kiingereza moja kwa moja. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeweka kikagua sarufi kwenye kivinjari. Mistari myekundu ilikuwa mingi, foleni ilikuwa ndefu, nikawa nabofya pendekezo baada ya pendekezo. Nilipompa nakala aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kikasimama katikati ya aya ya pili.

"Binti yangu," akasema, "hawa si watoto wangu."

Wanawe ni pacha, Opio na Ocen. Kwenye karatasi walikuwa Opium na Ocean.

Nilirekebisha palepale, nikamwomba radhi, nikachapa nakala mpya bila kumtoza. Kwa Waacholi, watu wa huku kwetu, majina hayo hubeba historia ya nyumba: Opio ni pacha aliyetangulia, Ocen ni aliyemfuata, na anayezaliwa baada yao huitwa Okello. Barua ile ingefika shuleni ilivyokuwa, mwalimu mkuu angetafuta kwenye rejista watoto wasiokuwepo.

Programu ilipendekeza tu. Mkono uliobofya ulikuwa wangu. Bado natumia kikagua sarufi kila siku, na yeyote anayeandika Kiingereza kwa ajili ya kazi, masomo au maombi namshauri akiweke. Wengi wetu Kiingereza tulikikuta darasani, na barua yenye makosa matano huwekwa kando kabla hoja yake haijasomwa. Ila kiwekwe kwa namna ambayo neno la mwisho linabaki kwako, na kisome pale tu ulipokiruhusu kusoma.

Kabla ya kuweka: kipi, na kwenye kifaa gani

Kivinjari ni programu unayofungulia tovuti, kama Chrome au Firefox. Kiendelezi ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari na kukiongezea kazi. Kikagua sarufi ni kiendelezi kinachosoma unachoandika kwenye barua pepe au fomu, kikapigia mstari kile kinachodhani ni kosa, na ukibofya mstari huo kinakupa pendekezo.

Vipo vya aina mbili. Aina ya kwanza hutuma maneno yako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali, yanakaguliwa huko, majibu yanarudi. Grammarly, iliyoanzishwa Kyiv, Ukraine, mwaka 2009, hufanya kazi hivyo. LanguageTool, iliyoanza mwaka 2003 kama kazi ya chuo ya Daniel Naber wa Ujerumani, nayo kwa kawaida hutuma, ingawa msimbo wake wa msingi, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote na fundi anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe. Aina ya pili hukagua ndani ya kompyuta yako, maneno hayaendi popote. Harper ni ya aina hii. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inatunzwa na Automattic, kampuni inayoendesha WordPress.com. Harper hujua Kiingereza tu, na mapendekezo yake ni mepesi kuliko ya Grammarly, ambayo hufika hadi kukushauri juu ya toni ya barua.

Dukani natumia Harper, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtandao. Kikagua kinachotegemea seva, mtandao ukikatika au bando likiisha, hunyamaza. Mistari haitokei, nawe unadhani barua imetakata kumbe hakuna aliyeikagua. Ya pili ni siri za watu. Mezani kwangu hupita barua za kesi za ardhi, za pensheni, za matibabu. Aliyenisimulia habari zake kwenye kiti cha plastiki hajaniambia nizipeleke kwenye seva ya nchi nyingine. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayomtaka anayechukua taarifa binafsi za mtu apate kwanza idhini yake. Hata pasipo sheria, heshima ya mteja inatosha. Kama unaandika mambo yako mwenyewe yasiyo ya siri, na una mtandao wa uhakika, LanguageTool au Grammarly zitakufaa, na hatua ni zilezile.

Kuhusu simu: Chrome ya Android haipokei viendelezi, kwa hiyo usipoteze bando kutafuta. Firefox ya Android inavipokea. Tangu Desemba 2023 ilifungua mlango kwa mamia ya viendelezi. Kama simu ndicho kifaa chako pekee, anza na kibodi. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili na Kiingereza, na unaweza kuziwasha lugha zote mbili kwa pamoja kwenye mipangilio yake. Yanayofuata nayaeleza kwa Chrome ya kompyuta, kwa kuwa ndicho kivinjari ninachokikuta kwenye kompyuta nyingi za ofisini na za kukodi hapa kwetu. Edge inafanana nayo sana.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa mbele

Usitafute kikagua kwa kuandika tu "grammar" kwenye duka la viendelezi na kubofya cha kwanza. Majina yanayofanana ni mengi, na nembo huigwa. Nenda kwanza kwenye tovuti ya wenyewe: kwa Harper ni writewithharper.com, kwa LanguageTool ni languagetool.org, kwa Grammarly ni grammarly.com. Hapo utakuta kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa wao halisi katika duka la Chrome. Ukifika, tazama anwani iliyo juu. Inapaswa kuanza na chromewebstore.google.com. Kisha tazama jina la mtengenezaji lililo karibu na kichwa.

Ukitumia Firefox, duka lake ni addons.mozilla.org.

Hatua ya 2: Bofya, kisha usome kabla ya kukubali

Bofya "Ongeza kwenye Chrome", au "Add to Chrome" kama kivinjari chako kiko kwa Kiingereza. Kisanduku kidogo kitatokea juu. Wengi hubofya ndiyo bila kukitazama, nami nilikuwa mmoja wao. Kisome. Kwa vikagua sarufi mara nyingi kitasema kwamba kiendelezi kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Maneno hayo hayakutiwa chumvi. Ili kipigie mstari kosa kwenye barua pepe, lazima kiione barua pepe. Na kikiruhusiwa kila mahali, kila ukurasa utakaoufungua kitakuwa na uwezo wa kuuona.

Ruhusa hiyo imewahi kuleta matatizo. Februari 2018 mtafiti wa usalama wa Google, Tavis Ormandy, aligundua kwamba kiendelezi cha Grammarly kilikuwa kikiacha wazi, kwa tovuti yoyote, ufunguo ambao ungeweza kufungua akaunti ya mtumiaji na maandishi aliyoyahifadhi humo. Kampuni iliziba tundu hilo ndani ya siku chache. Desemba 2024, mkesha wa Krismasi, wezi walimlaghai kwa barua pepe mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya ulinzi wa data, wakaweza kupandisha toleo lao lenye sumu kwenye duka rasmi la Chrome. Viendelezi hujisasisha vyenyewe, kwa hiyo sumu iliwafikia watu ambao hawakubofya chochote siku ile. Ndiyo maana nasisitiza: kikagua kimoja kinatosha. Vitatu ni milango mitatu, tena vitapigana mistari juu ya neno moja.

Ukiridhika, bofya "Ongeza kiendelezi". Sekunde chache kimeingia.

Hatua ya 3: Kitoe mafichoni

Chrome hukificha kiendelezi kipya. Kulia mwa sehemu ya kuandikia anwani kuna alama iliyochongwa kama kipande cha picha ya kuunganisha. Ibofye, tafuta jina la kikagua chako, kisha bofya pini iliyo pembeni yake. Alama yake itabaki juu ya skrini, nawe utakuwa unaona wakati wote kama kimewashwa au kimezimwa.

Hatua ya 4: Kijaribu kwa makosa ya makusudi

Fungua barua pepe mpya, usiandike wa kumpelekea, kisha andika hivi:

*I recieve teh letter and i will bring a apple.*

Kikiwa hai, kitapigia mstari angalau "recieve" na "teh". Bofya mstari mmojawapo uone pendekezo linavyotokea. Kama hakuna mstari hata mmoja, bofya alama yake hapo juu. Huenda kimezimwa kwa tovuti hiyo. Harper ina kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima kwa tovuti uliyopo. Ukikuta kimewashwa na bado hakuna kitu, pakia ukurasa upya.

Kama kikagua chako kinategemea seva, iweke sentensi hiyo mahali pa karibu. Kila ukiona barua ndefu haina mstari hata mmoja, kabla hujafurahi ibandike chini ya barua. Ikipigiwa mistari, kikagua kipo kazini. Isipopigiwa, mtandao umekwenda. Kisha ifute.

Jambo moja la kuangalia: Chrome ina kikagua tahajia chake, nacho huchora mistari myekundu. Ukibofya kulia juu ya neno na mapendekezo yakaja ndani ya menyu ya kawaida ya kivinjari, huyo ni Chrome. Kiendelezi hufungua kisanduku chake chenyewe.

Hatua ya 5: Chagua Kiingereza cha shule zetu

Bofya alama ya kiendelezi, ingia kwenye mipangilio, tafuta aina ya Kiingereza. Mara nyingi huanza na cha Marekani. Badilisha uweke cha Uingereza, kwa sababu ndicho kinachotumika katika shule na ofisi za Uganda: "organisation", "colour", "programme". Usipobadilisha, kikagua kitakupigia mstari chini ya maneno uliyoyaandika sawasawa, na mwajiri atapokea barua yenye tahajia ambayo mwalimu wako angeikata kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 6: Kifundishe majina

Hatua hii ningependa uipe saa nzima, kama unafanya kazi ya kuchapia watu.

Kikagua hakijui jina la mtu kwa kumwona. Kinalinganisha herufi na orodha yake, na jina lisilokuwemo hulichukulia kama neno la Kiingereza lililokosewa. Jinsi jina linavyokaribiana na neno la Kiingereza, ndivyo hatari inavyokua, kwa sababu pendekezo huonekana la maana. Kwa Ocen mkono hukimbilia Ocean kabla jicho halijauliza. Jina refu kama Lamwaka haliponzi hivyo, kwa kuwa pendekezo lolote litakalokuja litaonekana la ajabu, nawe utasimama.

Kwa hiyo fungua ukurasa mtupu na uandike majina unayokutana nayo. Mimi nilichukua daftari langu la wateja nikaandika kwanza ya hapa: Opio, Apio, Ocen, Acen, Okello, Akello, Odong, Adong. Kisha ya kusini: Nakato, Babirye, Wasswa, Kato. Kisha wilaya na miji: Kitgum, Pader, Amuru, Nwoya, Arua. Kila kinapopiga mstari, bofya, kisha chagua kuongeza neno hilo kwenye kamusi. Ni kazi ya mara moja. Tangu nilipoimaliza, mstari mwekundu chini ya jina umekuwa na maana kwangu: ama jina ni geni, ama nimekosea kulichapa. Vyote viwili vinanifanya nimgeukie mteja na kumuuliza, "Afande, hili linaandikwaje?"

Majina ya wateja wenyewe, yaani jina kamili pamoja na ukoo, usiyaweke katika kamusi ya kikagua kinachohifadhi kamusi hiyo kwenye akaunti ya mtandaoni. Neno mojamoja linatosha.

Hatua ya 7: Kiwekee mipaka

Rudi kwenye alama ya kipande cha picha, bofya "Dhibiti viendelezi", au andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani. Chini ya kikagua chako bofya maelezo. Utakuta sehemu inayohusu tovuti, na huwa na chaguo tatu: kisome unapokibofya tu, kisome kwenye tovuti ulizotaja, au kisome kwenye tovuti zote. Chagua ya pili. Kisha taja zile unazoandikia kweli. Kwangu ni barua pepe na tovuti mbili za maombi ya kazi. Tovuti ya benki, ya kodi, ya pasipoti na ya hospitali haimo hata moja, na haitakuwemo. Kwenye fomu hizo unaandika namba na majina, na sarufi haina la kufanya pale.

Mteja akileta jambo zito sana, nafungua dirisha fiche ("Incognito" kwa Kiingereza). Viendelezi havifanyi kazi humo mpaka wewe mwenyewe uende kuviruhusu, nami sijaviruhusu. Barua hiyo naikagua kwa macho.

Unapokifanyia kazi

Kikagua ni kizuri kwa makosa ya mkono: neno lililorudiwa mara mbili, "a" mahali pa "an", herufi kubwa iliyosahaulika, tahajia. Kwa makosa yanayotoka kwenye lugha yetu, usikitegemee. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Mteja akisema "Mama yangu ni mgonjwa, amelazwa tangu Jumatatu", ni rahisi sana kuandika *My mother is sick. He has been admitted since Monday.* Kila sentensi peke yake ni sahihi, na kikagua kikizitazama mojamoja hakioni kosa. Msomaji wa barua ataliona mara moja. Naikagua kila "he" na kila "she" kwa mkono: narudi nyuma hadi kwenye jina, nahakikisha.

Vilevile kuna Kiingereza chetu cha Uganda, ambacho kila herufi iko mahali pake lakini mtu wa nje hakielewi. Ukimwandikia shirika la ng'ambo *you are lost* ukimaanisha umeadimika, hakuna mstari utakaokuonya.

Kisha Kiswahili chenyewe. Kati ya vikagua hivi vitatu hakuna kinachokagua sarufi ya Kiswahili. Ukiandika ujumbe wa Kiswahili huku kimewashwa kwa Kiingereza, kitaujaza mistari kutoka mwanzo hadi mwisho. Mistari ile haisemi chochote juu ya Kiswahili chako. Nimemwona kijana aliyeandika "yatakapowasili", neno zuri lililokaa sawa, akalifuta kwa sababu lilipigiwa mstari. Iliniuma. Hapa Uganda Kiswahili kimeingia kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watu wataandika Kiswahili zaidi, na wasiandike wakikiogopa kikagua cha Kiingereza. Bofya alama, kizime kwa ukurasa huo, endelea.

Ukitaka msaada wa Kiswahili, chapa kwenye LibreOffice, programu ya bure ya ofisi ambayo ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Itakusaidia ukiandika "kuwasliana" badala ya "kuwasiliana". Ila inakagua maneno tu, haikagui upatanisho. Ukiandika "kitabu imeanguka", kama tunavyosikia barabarani, itanyamaza, kwa kuwa "kitabu" lipo na "imeanguka" lipo. Hilo atalikamata mtu anayeijua lugha, kwa hiyo mpe mtu asome.

Kwenye kompyuta isiyo yako

Kama unakodi kompyuta kwa saa, usiingie na akaunti yako ya Google kwenye kivinjari chenyewe ili tu upate kiendelezi chako. Usawazishaji, yaani kunakili mambo ya akaunti yako kwenye kila kifaa unachoingilia, ukiwashwa, unaweza kuja na manenosiri na historia yako, na ukisahau kutoka vitabaki kwa atakayekaa kiti hicho baada yako. Andika barua yako, kisha ikague kwenye ukurasa wa LanguageTool, ambapo unabandika maandishi bila kuweka kiendelezi chochote. Futa kwanza majina na namba za simu kabla ya kubandika, uzirudishe baadaye.

Na kama ulikiweka kwenye kompyuta ya ofisi unayoiacha, kiondoe kabla ya kukabidhi: bofya kulia kwenye alama yake, chagua "Ondoa kwenye Chrome", thibitisha. Halafu fungua chrome://extensions uhakikishe kweli hakimo kwenye orodha. Kama ulikuwa umefungua akaunti kwa watengenezaji, ingia kwenye tovuti yao ufute maandishi uliyoyahifadhi huko, kwa sababu kuondoa kiendelezi hakuyafuti.